Tuliposhusha Giaboksi ya Baba

Kama umekuwa nami tangu mwanzo, unakumbuka nilivyorudi nyumbani kwa wazazi wangu na begi la nguo, boksi la dawa za ng'ombe na talaka ambayo bado ilikuwa inanuka wino. Kama ndiyo kwanza tunakutana leo, usijali. Vuta kiti, nitakupitisha haraka haraka.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nilirudi nyumbani nikidhani nimekwenda kupumzika. Kumbe nimekwenda kuwa mlinzi.

Baba yangu alikuwa dereva tangu ujana mpaka alipostaafu. Amepita barabara ambazo hata wenye ramani wanaziogopa. Sasa kichwa kimeanza kumtoroka. Anakula, halafu anauliza mbona leo hatujala. Mimi kuna siku ananiita mwanangu, kuna siku ananiita mama wa hospitali.

Lakini kuendesha gari hajasahau. Hapo ndipo penye balaa. Mikono inajua kazi, ila yeye mwenyewe hajui anakwenda wapi.

Wiki iliyopita niliishia pale alipolipitisha gari katikati ya watoto wa shule waliokuwa wanavuka barabara. Hakumgusa hata mmoja. Mungu tu. Akarudi nyumbani, akavua kofia, akamwambia Mama, "Leo njia ilikuwa nyeupe kabisa."

Mama akaingia chumbani akafunga mlango. Nilimsikia akilia ndani ya mto.

Basi, sikiliza yaliyofuata.

Usifikiri hatukujaribu njia za kistaarabu. Tulificha funguo. Baba akapindua nyumba nzima, akavunja droo, akamshika Mama mkono akimuita mwizi, mkono ukavimba. Jioni akauona ule uvimbe, akauliza kwa huruma, "Bibie, nani amekufanya hivi?"

Tukatoa betri. Akaenda kwa jirani, akamsalimia vizuri, akaazima betri ya lori, akaifunga mwenyewe. Jirani alidhani ametusaidia. Alikuja kuuliza kama gari limewaka.

Ukimnyima dereva wa zamani funguo au betri, umempa tu kazi ya kufanya asubuhi.

Na mimi nilikuwa na msiba wangu. Gari langu lilikuwa limekufa.

Nikueleze kuhusu haya magari mawili. Baba alipostaafu alinunua kwenye mnada gari kuukuu la mradi, la otomatiki, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nilipoanza kazi akanitafutia la kwangu, aina ile ile, uzee ule ule. Lake jeupe, langu la kijani. "Nimekununulia pacha wa langu," aliniambia. "Yakiugua yataongezeana damu."

Langu liliugua mlimani. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele kama ng'ombe aliyeona kisu, gari halisogei. Linanuka kuungua. Nikilipumzisha linasogea kidogo, halafu yale yale.

Nikamwita fundi. Jina lake la utani ni Kimya. Amepewa kwa sababu hajawahi kunyamaza.

"Dokta, giaboksi imekwisha," alisema hata kabla hajalala chini. "Hii nimeisikia tangu unakata kona. Nilimwambia mke wangu, hiyo sauti ni giaboksi. Mke wangu akasema ni mashine ya kusaga. Nikamwambia mama, mimi na wewe nani fundi?"

"Mpya ninaipata wapi?"

"Mpya usahau. Za magari haya hazitengenezwi tena. Utafute gari kama hili lililokufa, tuchukue yake."

Akageuza shingo. Nami nikageuza. Gari jeupe la Baba lilikuwa limesimama pale uani, limeoshwa, linang'aa.

Kimya akaanza kukusanya spana zake.

Aliyelisema tuliloliwaza ni kaka yangu.

Kaka ndiye mkubwa wetu. Anaishi mji mwingine, ana ofisi na kiti kinachozunguka, na shida zetu zote anazitatua kwa simu. Siku hiyo alipopiga nilikuwa nafua kamba zangu za kuzalishia ng'ombe, mikono imejaa sabuni. Nikaweka simu dirishani, nikaifungulia sauti.

"Sasa unalia nini?" alisema. "Toa giaboksi kwenye gari la Mzee, funga kwenye lako. Wewe unapata gari la kazi, Mzee anakaa nyumbani. Giaboksi haiazimwi kwa jirani."

"Ni gari lake, Kaka."

"Na wale watoto wa shule walikuwa wa nani?"

Nikazidi kusugua kamba.

"Halafu," akaendelea, "kile kituo cha wazee nilichokwambia nimekwenda kukiona. Kisafi. Wana wauguzi. Mzee akitulizwa na hili la gari, tunampeleka. Mama atakuja kukaa kwangu."

"Taratibu," nikamwambia. "Gari kwanza. Hayo mengine tutayaongea."

Nilipogeuka, Mama alikuwa mlangoni, kashika beseni.

Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Niliangalia uso wake nikitafuta hasira. Sikuona hasira. Ningeiona, leo nisingekuwa nakusimulia haya.

"Maji ya kuoga ya baba yako yamechemka," alisema, akapita.

Usiku ule wakati wa kula aliongea mara moja tu. "Kama mnaitoa, wekeni nyingine mahali pake. Kila asubuhi analala chini kukagua. Sitaki aone gari lake limepasuliwa tumbo."

"Tutaweka ile mbovu yangu, Mama. Injini itawaka kama kawaida. Ila halitakwenda."

"Sawa," alisema.

Kimya alikuja na winchi ya mnyororo, mabomba ya kusimamisha fremu, jeki na magogo. Akayaweka magari yote mawili juu ya magogo, bega kwa bega. Nilimpangia Mama amtoe Baba, waende kwa mama mdogo, wakae huko mpaka tumalize.

Baba alikataa. Aliona spana zimetandazwa juu ya gunia, macho yakawaka. Akakunja mikono ya shati.

"Vijana, nani amewafundisha kuanza na boliti za juu?" aliuliza.

"Shikamoo, mzee," Kimya akasema. "Mimi huwa naanza..."

"Marahaba. Anza na propela hii ya chini. Kabla yake mwaga mafuta, weka beseni. Na funga mdomo, unapoteza pumzi."

Nikamvuta Kimya pembeni. "Tufanyeje?"

"Dokta, mimi nitafanyaje? Mzee ndiye mwenye mali."

Basi tukaifanya kazi ile pamoja na Baba. Nayaandika haya na mkono unakuwa mzito.

Alilala chini ya gari lake mwenyewe, akafungua boliti kwa kuzipapasa bila kuziangalia. Alipotaka spana alinyoosha mkono tu, nami nikampa, na kila mara ilikuwa saizi sahihi. Kwa muda mrefu sikuwa nimemwona hivyo. Hakuuliza kama tumekula. Hakuuliza mimi ni nani. Alikuwa mzima.

Giaboksi ilipoachana na injini, ikaning'inia kwenye mnyororo, nzito, inachuruzika mafuta. Baba aliishika kwa viganja viwili kama mtu anayepokea mtoto.

"Taratibu. Msilazimishe. Ikikataa ujue kuna boliti mmesahau."

Ikashuka. Akaipangusa kwa kitambaa. Akageuza uso, akaliangalia lile gari jeupe juu ya magogo.

"Hili gari la nani?"

Kimya akainama akatafuta kitu ambacho hakijapotea.

"La mteja, Baba," nikasema.

"Limetunzwa." Akapitisha mkono ubavuni mwa gari. "Huyu mteja anajua mnachomfanyia?"

Nilitaka ardhi ipasuke.

"Anajua, Baba."

"Amekubali?"

"Amekubali."

"Basi sawa. Maana gari la mtu ni miguu yake."

Mama alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Alikunja shati lile lile mara nyingi mno.

Tukafunga giaboksi yake kwenye gari langu. Tukafunga yangu kwenye gari lake. Baba akaondoka kwenda kuoga akipiga mluzi. Ndipo nilipomwambia Kimya kwa sauti ya chini, "Hiyo iliyo kwenye gari la Mzee usiijaze mafuta."

"Dokta, ni mbovu hata hivyo."

"Usiijaze. Nataka nilale usingizi."

"Nitaweka kidogo ya kulainisha pampu, isije ikajila injini inapowaka. Hayatatosha kusukuma gari hata kwa dawa."

Tukaelewana hivyo, dumu la mafuta likabaki karibu limejaa. Ndiyo, niliweka kufuli juu ya kufuli. Giaboksi mbovu, na tena kavu. Nilijiona nina akili sana.

Asubuhi yake Baba alivaa kofia, akalala chini akakagua, akaridhika, akapanda. Injini ikawaka vizuri. Akaweka gia ya mbele. Injini ikanguruma, gari limetulia kama nyumba. Akaweka ya nyuma. Akarudi ya mbele.

Nilikuwa jikoni, nimejificha nyuma ya pazia katika nyumba ya baba yangu.

Nilingoja avunje kitu. Hakuvunja. Alizima, akaweka mikono miwili juu ya usukani, akakaa. Mabega yakaanza kutikisika. Baba yangu, ambaye hata alipomzika mama yake alisimama wima, alikuwa analia ndani ya gari.

Mama akatoka na chupa ya chai. Akafungua mlango wa upande wa abiria, akaingia, akakaa.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi yao. Kila asubuhi wanapanda, wanakunywa chai humo ndani, Baba anawasha injini, anasimulia safari zake. Mara nyingine niliwasikia wanacheka. Nikajiambia, angalia, mambo yamejipa. Mama amekubali. Amepata njia ya kumtuliza.

Ningekuwa na akili ningejiuliza mwanamke aliyenizaa ameanza lini kukubali kitu bila kukisema.

Gari langu nalo lilikwenda kama maji mteremkoni. Nilikuwa nazunguka kwa wateja wa karibu, barabara za tambarare, sina shida. Kimya alikuwa anatembea kifua mbele mtaani.

Halafu simu ikaja kutoka kwa mfugaji mmoja, ng'ambo ya mlima.

"Dokta, ng'ombe wangu anazaa tangu alfajiri. Miguu ya ndama imetoka, kichwa hakionekani. Anakoroma sasa. Nisaidie, huyu ndiye anayesomesha wanangu."

"Usimvute! Usimguse! Nakuja."

Nilipotoka, Baba na Mama walikuwa ndani ya gari lao, kama kawaida. Mama alinipungia mkono. Alinipungia kwa muda mrefu kidogo, lakini mimi nilikuwa na haraka.

Jua lilikuwa kali. Nilianza kupanda mlima ule nikikanyaga mafuta bila huruma. Nusu ya njia, injini ikapiga kelele. Kelele ile ile. Gari likapunguza, likapunguza, likasimama. Harufu ile ile ya kuungua.

Nikavuta breki ya mkono. Nikapiga usukani mpaka kiganja kikaniuma. Nikampigia Kimya.

"Giaboksi ya Baba imekufa!"

"Haiwezekani, Dokta. Ile nimeiona kwa macho yangu, mafuta yake mekundu kama juisi, safi kabisa, nilimwambia hata mke wangu..."

"Kimya! Imefanya kama ile ya kwanza. Imepata moto, imeacha kushika."

Akanyamaza.

Nataka unielewe. Kimya alinyamaza. Nikatoa simu sikioni nikaangalia kama imekatika.

"Dokta," akasema mwishowe, polepole. "Mafuta ya giaboksi huwa yanapita kwenye rejeta kupozwa. Kama njia yake imeziba, yanachemka. Yakichemka, giaboksi yoyote itateleza. Hata mpya."

"Unasema nini?"

"Nasema ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta yako. Nilikosea. Ile giaboksi yako ya kwanza haikuwa mbovu."

Upepo wa mlimani ulikuwa wa moto, lakini mimi nilisikia baridi.

"Kwa hiyo ile iliyo kwenye gari la Baba..."

"Ni nzima, Dokta."

"Lakini haina mafuta!"

"Haina. Haliendi popote, labda mtu aongeze."

"Na yale mafuta yaliyobaki, dumu lile, uliliacha wapi?"

"Mama aliniambia nimwachie, atalitunza stoo."

Nilikata simu nikampigia Mama. Ikaita, ikaita. Ikapokelewa. Sikusikia sauti yake kwanza. Nilisikia injini, na upepo unaoingia dirishani, na Baba akipiga mluzi.

"Mama! Mko wapi?"

"Tupo," alisema, kisha simu ikazimwa.

Nilikimbia huku na huku pale barabarani kama kuku. Nimfuate nani, na nini? Gari halisogei. Simu ya mfugaji ikaita, sikuipokea, sikuwa na la kumwambia.

Ndipo nikasikia gari linapanda mlima. Sauti ile naijua tangu nikiwa mtoto.

Gari jeupe likakata kona, katikati ya njia yake, kwa mwendo wa mtu anayejua mlima. Nilisimama barabarani nikatanua mikono.

Likapunguza. Likawasha taa ya pembeni. Likaegesha nyuma ya langu kwa ustadi ambao mimi sina mpaka leo.

Baba akashuka, kofia kichwani, uso umejaa heshima ya kazi.

"Hujambo, mama. Umepatwa na shida?"

Hakunijua.

"Sijambo. Shikamoo," nikasema. Sauti ilitoka kama si yangu.

"Marahaba. Ngoja nikuangalizie. Simama pembeni, magari ya hapa hayana adabu."

Akaenda kufungua bonneti ya gari langu. Nami nikaruka kwenye mlango wa dereva wa gari lake. Injini ilikuwa inaunguruma, funguo zinaning'inia. Nikaingiza mkono.

Mkono wa Mama ukanidaka.

Ule mkono uliokuwa umevimba. Ulinibana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

"Usithubutu," alisema.

"Mama, nani ametia mafuta kwenye gari hili?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Alinielekeza pa kumimina. Nikashika faneli kwa mkono wangu. Tumejaribu jana ulipokuwa kazini, tumezunguka uwanja wa mpira mpaka tukachoka."

"Mama, ataua watu!"

"Ndiyo maana nimekaa hapa. Namwambia kushoto, anakwenda kushoto. Namwambia simama, anasimama. Kuendesha anajua yeye. Njia nazijua mimi."

"Na siku asipokusikia?"

Nikaangalia kiti cha nyuma. Kulikuwa na godoro limekunjwa, mablanketi, sufuria, mfuko wa dawa za Baba, na lile sanduku la Mama ambalo sijawahi kuliona likitoka chini ya kitanda.

"Mnakwenda wapi?"

"Nikikwambia, utamwambia kaka yako."

"Sitamwambia."

"Gari kwanza," alisema. "Si ndivyo ulivyomwambia? Gari kwanza, halafu mimi nipakiwe upande huu na mume wangu upande ule, kama giaboksi zenu. Niliwalea mkiwa hamjui kufunga hata vifungo vya shati. Sikuwapeleka kituoni."

"Mama, mimi sikukubali..."

"Hukukataa."

Ungekuwa wewe ungesema nini?

Baba alikuwa anarudi, anafuta mikono.

"Liache lipoe, mama, usifungue rejeta likiwa na moto. Likipoa utafika, ila usilikimbize." Akapanda, akafunga mlango. Akamgeukia Mama. "Bibie, huyu dada tumchukue? Hapa si pazuri kwa mwanamke peke yake."

Nilimwangalia Mama. Nilimwomba kwa macho, kama nilivyokuwa nikimwomba nikiwa mdogo nisichapwe.

Mama aliangalia mbele, kwenye kioo.

"Twende tu," alisema. "Ana watu wake, wanakuja."

"Wewe unamjua?"

Mama alikaza mtandio wake. "Simjui."

Gari likaondoka. Nilikimbia nyuma yake nikigonga bati kwa kiganja mpaka likanishinda. Niliita Mama, niliita Baba. Halikugeuka.

Simu ikaita tena mfukoni. Nikaipokea bila kuangalia, nikidhani ni mfugaji.

Ilikuwa kaka yangu. Hakuwa ofisini. Nilisikia kuku wetu, na lile geti letu linalolia.

"Niko hapa nyumbani," alisema. "Nimekuja na watu wa kituo. Mbona hakuna mtu?"

"Umekuja leo? Ulisema tutaongea!"

"Nafasi imepatikana ghafla. Nilimpigia Mama jana, nikamwambia amwandae Mzee. Akanijibu vizuri tu, sawa mwanangu. Sasa stoo iko wazi, gari la Mzee halipo, na wewe uliniambia halitembei! Wako wapi?"

Kule juu, gari jeupe lilikuwa limekaribia kilele. Likipita pale, njia inagawanyika mara nyingi, na hakuna anayeweza kujua wameshika ipi.

Lilikuwa limebaki kidogo tu.

"Unanisikia?" Kaka alipaza sauti. "Niwapigie polisi wafunge barabara, au wewe umewaona?"

Nilivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, niliamua niko upande gani.

"Sijawaona," nikasema.

Taa nyekundu za breki zikawaka kule juu.

Gari likasimama. Mlango ukafunguka, na si wa upande wa Mama. Baba akashuka, akavua kofia, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua. Akaanza kushuka mlima kunijia, miguu yake mibovu ikijikwaa kwenye mawe, kisha akaanza kukimbia. Nyuma yake niliona mkono wa Mama ukitoka dirishani, unampungia arudi.

"Spana!" aliita. "Spana, mwanangu!"

Ni jina alilonipa nilipokuwa mtoto wa kushika spana zake. Sikuwa nimelisikia midomoni mwake tangu ugonjwa uanze, na sikutegemea kulisikia tena.

"Spana! Nani amekuacha hapo peke yako?"

Alikuwa ananikumbuka. Alikuwa analia na kucheka, anaita kwa sauti yote aliyonayo, na mlima wote ulikuwa unairudisha.

Kaka alikuwa bado hewani kwenye simu.

"Subiri," akasema. "Hiyo si sauti ya Baba?"